Niko na Kazi

Tarehe 21 Disemba mama alinipigia simu saa moja jioni. Akaniuliza nakuja lini, ndiyo ajue anunue unga kilo ngapi. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu sitaweza. Niko na kazi." Akanyamaza kidogo. Nikasikia mtu akikata kuni nyuma yake. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Kazi ni kazi."

Sikuwa na kazi. Sikuwa na kazi hata ya kesho yake.

Kila mtu anayekaa Nairobi anajua vile mji huu hufanya Disemba. Jamhuri Dei ikipita, watu wanaanza kupungua kama maji ya tangi. Machakos Country Bus wanalalia magunia wakingoja gari. Nauli ya Kakamega, ambayo mwezi wa kumi nililipa 1,200, ilikuwa imefika 2,500. Katika ploti yetu Zimmerman, vyumba arobaini na kitu, tulibaki watu kama saba. Kamba za nguo zilikuwa tupu. Usiku ungesikia bomba la orofa ya tatu likidondosha maji, tone moja moja, na hakuna mtu wa kwenda kulifunga.

Wacha niseme ukweli sasa ndiyo tuelewane. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilinishinda muhula mmoja, nikaona aibu kurudi darasani muhula uliofuata, na kabla nijue muhula umekuwa mwaka. Tangu hapo naishi kwa kuandika: makala za biashara ndogo ndogo, maelezo ya viatu na sufuria, na, ndiyo, insha za wanafunzi wa Marekani ambao hawataki kuandika zao. Najua vile hiyo inasikika. Nimeacha chuo kimoja nikafanya kazi za vyuo kumi. Lakini biashara hiyo ina msimu. Mitihani yao ikiisha katikati ya Disemba, kazi zinakauka mpaka Januari iende. Kwa hivyo Krismasi hunikuta na deni la Fuliza na muda mwingi wa kufikiria.

Nyumbani hawajui. Mwaka 2019 watu wa kijiji chetu walifanya harambee, wakapata 64,000 za kunipeleka chuo. Kukhu aliuza mbuzi. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo haikuwa safari yangu peke yangu, ilikuwa ya kila mtu aliyeweka noti kwenye lile karai. Miaka ya mahafali ilipofika nikawaambia alama zangu za masomo mawili zimepotea. Mtu yeyote aliyepita chuo cha umma hapa kwetu anajua alama hupotea kweli, kwa hivyo waliniamini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kiasi, karibu kilomita 400, na nilijua Disemba nikipanda gari itaishia mezani kwa mama.

Basi swali langu ni hili, na nimelibeba mwaka mzima. Mtu akikosa kwenda nyumbani sikukuu, na akatuma pesa, na akapiga simu, na kila mtu akala akashiba, amemkosea nani? Na kosa lenyewe ni lipi?

Siku ya Krismasi nilitoka saa tano kutafuta chapati. Vibanda vyote vilikuwa vimefungwa. Soja wa geti letu, mzee wa kutoka Kitui, akaniita tunywe chai. Alikuwa na mkate na thamosi. Simu yake iliita, akaiweka sauti ya juu, na binti yake mdogo akaanza kumhesabia vitu alivyokula tangu asubuhi, kimoja kimoja, bila kuruka. Mzee alisikiliza yote akitingisha kichwa. Kampuni yao huwapa likizo Januari, watu wa mji wakisharudi. Ilikuwa Krismasi yake ya tatu pale getini.

"Na wewe kijana, hukuenda?"

"Kazi, mzee."

"Pole sana. Hii kazi inatunyang'anya watu wetu."

Lile "tu" lilinichoma. Mzee alikuwa amenipa nusu ya mkate wake na nafasi kwenye kundi la watu ambao wangekuwa nyumbani kama wangeachiliwa. Mimi sikuwa wa kundi hilo. Hakuna mtu aliyenishika.

Nina binamu London, anafanya kazi ya kutunza wazee. Siku ya Krismasi mji ule hauna basi wala treni, kwa hivyo alitembea karibu saa nzima kwenye baridi kwenda kumwogesha bibi wa watu. Aliniambia jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kwamba alipotoka kazini giza lilikuwa limeshaingia zamani. Nyumbani walipokaa kula, mjomba aliomba na kumtaja kwa jina. Kisha akamtaja na "huyu wetu wa Nairobi aliye kazini." Mama ndiye aliyenisimulia, kwa furaha. Niliombewa kwa jina la kazi isiyokuwepo.

Utaniambia, si ulikosa nauli? Hapana. Tarehe 23 nilikopa nikamtumia mama 3,000. Angalia hiyo hesabu vizuri. Pesa niliyotuma ilizidi nauli. Nilituma pesa ili nisijitume mimi.

Kwa miezi mingi nilijiambia hiyo ilikuwa heshima. Humwendei mama mikono mitupu. Humletei aibu mbele ya watu waliochanga. Unakaa mbali mpaka mambo yako yajipange, halafu unatokea siku moja na gari, na shuka, na jiko la gesi. Vijana wengi tunaishi hivyo. Tunaita kusubiri kuomoka. Wengine wamesubiri miaka kumi, na wazazi wengine hawakusubiri pamoja nao.

Lakini heshima humwangalia yule unayemheshimu. Mimi nilikuwa najiangalia mwenyewe. Niliona vile nitakaa kwenye kochi, vile binamu zangu watauliza, vile macho ya kukhu yatanitafuta. Katika picha hiyo yote mama alikuwa na sura moja tu, sura ya mtu aliyevunjika moyo, na ni mimi niliyemchorea. Nilimshtaki, nikasikiliza kesi, nikatoa hukumu kwamba hawezi kunipenda bila cheti, na yeye wakati huo alikuwa jikoni akipanga unga, hajui kuna kesi.

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Niliwahi kumwandikia mwanafunzi wa Marekani insha ya maneno 2,000 juu ya Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 alishikilia kwamba huruhusiwi kumdanganya hata muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Mteja alipata B. Wakati ule niliona Kant kama mzee mkaidi, na kwa huyo muuaji bado naona hivyo. Ila mimi sikuwa naulizwa na muuaji. Niliulizwa na mama anayetaka kujua kilo za unga. Ukimdanganya mtu kama huyo, humfichi habari tu. Unamnyima nafasi ya kukujibu. Labda angelia. Labda angenifokea. Labda angesema njoo hivyo hivyo. Yote hayo yalikuwa yake, na niliyachukua kabla hayajafika mkononi mwake.

Halafu mwaka mpya ukaja, au tuseme ulipita karibu na mimi.

Usiku wa tarehe 31 kanisa la mtaa wa pili lilikuwa na kesha, spika zimeelekezwa kwetu kama silaha. Saa sita ilipogonga Thika Road ikajaa honi, mbali kidogo fataki zikalia, mbwa wakachanganyikiwa. Mimi nilikuwa kitandani nikiangalia simu. Tarehe ilibadilika. Nilingoja nisikie kitu. Kilichokuja ni ujumbe wa kampuni ya simu ukinitakia heri na kuniuzia bando.

John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Kitui kama soja wetu, alichapisha mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akajengea juu yake hoja kwamba kwa jadi zetu wakati hautengenezwi na namba bali na matukio. Pasipotokea kitu, hakuna wakati uliopita. Wengi walimpinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, hasa pale aliposema jadi hizo hazina nafasi kubwa ya siku za mbele. Nadhani walikuwa na haki kumpinga. Hata hivyo usiku ule, kwenye chumba changu, Mbiti alinishinda. Mwaka ulikuwa umekwisha kwenye simu, lakini kwangu haukuwa umekwisha, kwa sababu lile jambo lililopaswa kuufunga halikutokea. Hakuna aliyeniona nikiufunga.

Kule Makunduchi, Zanzibar, kuna sherehe ya Mwaka Kogwa, mwaka wa jadi unaoanza mwezi Julai. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Husemwa kwamba mabua yale hutoa vinyongo vya mwaka mzima ili watu waanze upya wakiwa wameoshana. Mimi napenda jambo moja katika hiyo sherehe: haiwezekani kuifanya kwa simu. Ili nikutandike bua, na wewe unitandike, lazima wote tuwepo. Mwaka mpya pale si tarehe inayokukuta popote ulipo. Unauingia na wale unaodaiana nao.

Sisemi kila mtu arudi nyumbani. Nina rafiki ambaye baba yake alimfukuza usiku, na kwake Disemba ya Nairobi, yenye kimya na maji ya kutosha, ndiyo amani pekee anayopata mwaka mzima. Yeye hana deni la kwenda popote. Wala sisemi familia zetu hazina lawama. Lile swali la "umetubebea nini" huulizwa kwa kicheko, lakini wanaoulizwa hawacheki. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu wa mjini anayerudi ni mzigo unaofunguliwa mezani. Ukikuta mzigo mtupu, unafanya nini na mtu?

Kwa hivyo umbali wenyewe si kosa. Soja alikuwa mbali, binamu yangu alikuwa mbali, rafiki yangu yuko mbali, na wote wana sababu wanayoweza kuisema kwa sauti. Mimi nilikuwa na sababu niliyoificha kwa watu pekee ambao ilikuwa inawahusu.

Tarehe 2 Januari nilimpigia mama. Nilimwambia yote: chuo, karo, alama ambazo hazikupotea kwa sababu mitihani sikuifanya, kazi ambayo haikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha. Nimesoma hadithi za kutosha kujua kwamba baada ya ukweli hufuata kimojawapo.

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

"Usimwambie mtu bado. Baba yako mdogo ndiye alikuwa mwenyekiti wa harambee. Wacha nifikirie."

Nilikaa na hayo maneno siku nyingi. Nilitaka kutua mzigo, kumbe nimempa upande mmoja aushike. Sasa watu wakimuuliza kanisani nimemaliza lini, ni yeye anayetafuta jibu. Nimejiuliza kama hilo nalo si kosa jipya, kumwingiza mama kwenye uongo ambao nilikuwa nimeuzoea peke yangu. Sina jibu safi. Najua tu kwamba kabla ya hapo nilikuwa na mama wa kuchora, na sasa nina mama mwenyewe, ambaye anaogopa shemeji yake, ambaye hupanga maneno kabla ya kuyasema, kama mimi. Tunapigiana simu zaidi. Mwezi wa sita alinifokea, hatimaye, kwa dakika ishirini nzima, juu ya mbuzi wa kukhu. Nilishukuru, ingawa sikumwambia.

Nimeshaanza kuweka nauli pembeni, mia mbili mia mbili, kabla ya Jamhuri Dei haijaipandisha. Tumekubaliana na mama kwamba baba mdogo ataambiwa nikiwa nimekaa hapo, siyo kwa simu. Sitabeba jiko la gesi. Nitabeba sukari kilo mbili na majani ya chai, na jioni moja kati ya Krismasi na mwaka mpya nitasimama mbele ya watu waliochanga 64,000 niwaambie zilienda wapi. Watakachosema sikijui, na safari hii sitawajibia.