Ng'ambo ya Ruvuma

Ukisimama ukingoni pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Vita vya huko, katika jimbo la Cabo Delgado, vilianza Oktoba 2017, lakini kamera nyingi za dunia ziligeukia huko Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, jirani na mradi wa gesi. Huku Masasi, chini ya mkorosho, simu moja yenye picha za vita hivyo inapita mikononi mwa watu watano na ubishi unawaka: dini gani ilaumiwe? Waliokimbia vita na watoto mgongoni ni Waislamu na Wakristo, Wamakonde na Wamakua kama sisi. Kabla hujasambaza picha ya maiti, jiulize: huyu ni mtoto wa nani? Ulimi hauna mfupa. Kidole kinao, basi tukizuie.