Darubini na Shahidi wa Mwezi

Kila Ramadhani ikikaribia hurudi suali hili: mtu wa Garsen akiuona mwezi kwa darubini, je, ushahidi wake wakubalika? Wanavyuoni wamekhitilafiana, nasi twasema, na tuitambue kwanza ala yenyewe.

Darubini ya kale ya shaba, kama walizokuwa nazo manahodha wa marikebu, ina kioo kikubwa mbele kikusanyacho nuru, na kidogo jichoni kikuzacho sura. Mtazamaji huvuta mirija mpaka sura isafike, naye huiegemeza pahali imara, kwani hukuza hata mtetemo wa mkono. Wala haielekezi magharibi, juu ya nyanda za Tana, kabla jua halijachwa, asije akapofuka.

Basi ala hii haiumbi mwezi. Huuleta karibu ulioko. Anayeikataa kwa kuwa ni kioo, naye asoma msahafu kwa miwani, na aifikiri tena hoja yake.

Lakini kioo hakimpi mtu uaminifu. Mchungaji mwadilifu asiye na kitu ila macho yake ni bora kuliko mwongo mwenye darubini. Tumchunguze shahidi kwanza, kisha chombo chake. Wala khitilafu ya siku moja isitufanye sisi, ndugu wa mto mmoja, tukanyimana salamu. Wallahu aalam.