Semista Iliyokula Mwaka

Mumosho iko kusini mwa Bukavu, kwenye miteremko inayoshuka hadi mto Ruzizi. Ng'ambo ya mto ni Rwanda. Hapo mtoni ndipo lilipo bwawa la Ruzizi II, linalozigawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989. Watu wengi wa Mumosho wanaishi kwa jembe: muhogo, maharagwe, ndizi, na mbuzi wawili watatu wa akiba. Mahali kama hapo, mtoto akifika chuo kikuu si wa baba na mama yake peke yao tena. Ni wa kilima kizima.

Kulikuwa na kijana wa huko, mwanafunzi wa kilimo katika chuo kimoja cha Bukavu. Jina lake halina haja, maana kisa chake ni cha wengi niliowaweka ndani ya mtu mmoja. Alikuwa mwaka wa tatu, ana alama nzuri na adabu njema, na alipochaguliwa kwenda Ubelgiji kwa semista moja, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, hakuna aliyesema hastahili.

Mipango hii ina hesabu yake, na asiyeijua hesabu ndiye anayeliwa. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya ulifungua mlango huu kwa nchi za nje ya Ulaya mwaka 2015. Mwanafunzi anabaki kuwa wa chuo chake, halipi karo kule aendako, anasoma miezi michache, anarudi na krediti. Semista ni krediti 30, mwaka ni 60. Kongo nayo imeingia katika hesabu hiyo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulipoanza kushika nafasi ya ule wa zamani. Zamani mwaka ulipimwa kwa jumla: umeshindwa, unarudia. Sasa kila somo lina krediti zake, na licence, yaani shahada ya kwanza, inataka krediti 180 zitimie. Kwa hiyo krediti 30 za Ubelgiji zinaweza kukaa mahali pa krediti 30 za Bukavu, ila zitakaa pale tu palipoandaliwa kabla.

Pa kuandalia ni karatasi moja inayoitwa makubaliano ya masomo. Ina majedwali mawili. La kwanza linataja masomo utakayosoma ugenini. La pili linataja masomo ya nyumbani ambayo chuo chako kitahesabu kwamba umeyasoma. Sahihi ni tatu: yako, ya chuo kinachokupeleka, na ya chuo kinachokupokea. Kijana wetu alilijaza jedwali la kwanza usiku kucha kwa intaneti ya simu, somo kwa somo, namba kwa namba. Alipofika la pili aliandika mstari mmoja tu: "Masomo ya semista ya pili." Asubuhi akaipeleka ofisini. Watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje, karatasi ikapigwa muhuri, na pande zote mbili zikaona shughuli imekwisha.

Kumbe ya ofisini yalikuwa madogo mbele ya yale ya nyumbani. Kukaa Ubelgiji zaidi ya siku 90 kunataka visa ya muda mrefu, na visa ni mambo ya Kinshasa. Toka Bukavu hadi Kinshasa hakukuwa na barabara ya kumtegemeza msafiri; ilikuwa ni kupanda ndege. Juu ya hapo kuna pasipoti, cheti cha daktari, cheti cha kuonyesha hujafungwa. Fedha za ufadhili wake zilikuwa zimeahidiwa baada ya kufika, na aliye Mumosho bado hajafika. Mama akatoa zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana. Papa akauza ng'ombe. Mjomba akakopa dola mjini. Bado hazikutosha, ikaguswa minervali, yaani karo, ya dada yake mdogo, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Walisema ni kuazima tu, kaka yake atairudisha.

Siku ya kumuaga, mjomba alimvuta pembeni.

"Mwana wangu, karatasi ya kwenda tumeiona. Ya kurudi iko wapi?"

Kijana akacheka. "Mjomba, tiketi ni ya kwenda na kurudi."

Mjomba akanyamaza. Hakusoma chuo, angebishana na nani?

Alifika mwisho wa Januari, masomo yakaanza Februari. Wiki ya kwanza iliishia kwenye madirisha ya ofisi: kujiandikisha manispaa, kufungua akaunti ya benki, kuonyesha bima. Ya pili ikamletea ratiba, na ratiba ikamletea tatizo. Kati ya masomo sita aliyoyaandika, mawili yaligongana saa na mengine aliyoyataka, na jingine lilidai kemia ambayo hakuwahi kuifikia. Akayaacha yote matatu, akachukua utalii wa mazingira, historia ya siasa za Afrika na Kiholanzi cha wanaoanza. Krediti nne kila moja, jumla 12. Ukijumlisha na 18 za masomo aliyobaki nayo, 30 zilitimia. Kubadili masomo si kosa. Sheria za mpango zinaruhusu, mradi mabadiliko yaandikwe mapema na yatiwe sahihi zilezile tatu. Chuo kilichompokea kilitia ya kwake. Ya Bukavu aliiacha. "Nitaeleza nikirudi," alijiambia.

Kisha deni la mjomba likaanza kumwasha. Ubelgiji inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, naye akapata kuosha vyombo mkahawani, jioni hadi usiku. Alizirudisha dola kidogo kidogo. Lakini mikutano ya mtandaoni ambayo chuo chake kiliwaitia walioko nje iliangukia saa za kazi, akaikosa. Kila Jumapili mama alituma sauti kwa WhatsApp: "Uko mzima, mwana wangu?" Na kila Jumapili jibu lilikuwa lile lile: "Niko mzima, mama. Kila kitu kiko sawa." Juu ya jibu hilo aliweka picha: yeye na theluji, yeye na treni, yeye mbele ya maktaba. Picha zilipita simu hadi simu kijiji kizima. Mtu aliyekwisha kuonekana na kilima kizima amesimama mbele ya maktaba ya Ulaya, anaanzaje kusema kwamba amekwama kwenye karatasi?

Haki isemwe: semista ile haikuwa bure. Katika maabara ya udongo alipima kwa mkono wake kitu ambacho Bukavu alikisoma ubaoni tu. Alichota udongo kwenye kikopo, akatia maji, akakoroga, akaacha utulie, akachovya kipimo, akasoma namba. Aliwaza mara moja ule udongo mwekundu wa kwao Bushi wenye asidi nyingi, ambao wazee wanasema "umechoka". Kuchoka kwake kunapimika, na chokaa ya kuupunguzia asidi inaweza kupigiwa hesabu kwa kila kipande cha shamba. Somo hilo peke yake lilistahili safari. Ndiyo maana msiba wake unauma zaidi: kilichomwangusha hakikuwa ujinga wala uvivu.

Julai alirudi na wastani wa 14 juu ya 20. Mumosho ilipika bugali na sombe, sambaza zikakaangwa, kasigisi ikamiminwa. Septemba akaenda kitivoni na karatasi yake ya alama. Katibu aliishika, akaanza kushuka nayo kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Hili la udongo, sawa. Hili la maji ya kumwagilia, sawa. Na hili la wadudu waharibifu, sawa. Hili la utalii linashika nafasi ya somo gani?"

"Mama, ni krediti nne."

"Nimeziona, mwana wangu. Nauliza ni za nini huku."

Hakuwa na jibu, na ile karatasi yenye mstari mmoja haikumsaidia. Juri ilimkubalia krediti 18. Zile 12 zikabaki alama nzuri zisizo na mahali pa kukaa. Angeweza kuyasoma masomo matatu ya nyumbani aliyoyakosa, lakini hayo yalifundishwa na maprofesa wageni, wanaokuja Bukavu kwa wiki mbili, wanafundisha asubuhi na jioni, wanatunga mtihani, wanaondoka. Walikwisha kupita. Wangerudi mwaka unaofuata. Wenzake wakachukua licence zao. Yeye akaandikishwa upya kwa krediti 12, na minervali ikadaiwa upya.

Minervali hiyo ilitoka wapi? Ilitoka palepale ilipotoka ya kwanza. Dada yake alikaa nyumbani mwaka ule, akichota maji na kulima, wakati wenzake wanafanya mtihani wa Serikali. Kaka alipoteza mwaka kwa kutosoma karatasi. Dada alipoteza wa kwake bila kupewa karatasi yoyote asome.

Watu wa pwani wana methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka chombo kizima, nyuma na mbele, mwisho utashuka ngamani, chini tumboni mwake. Semista ya ugenini ni hivyo hivyo. Haikupi shahada, shahada inatolewa na chuo ulichokiacha. Anayejiandaa kwa kwenda tu amejiandaa nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye gharama.

Bukavu ina mfano wake wa kwenda na kurudi. Denis Mukwege, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1955, alisomea udaktari Burundi akamaliza 1983, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera. Huko aliwaona akina mama wakifa na kuumia kwa uzazi, jambo lililomfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1989 alikuwa amekwisha kurudi. Hospitali ya Panzi ikafuata 1999, na Nobel ya Amani 2018. Yeye alisoma miaka, wala si semista, na si kila mwanafunzi atakuwa Mukwege. Lakini utaratibu wake unaigika: alikwenda na swali alilopewa na Lemera, na jibu akalirudisha Lemera. Kijana wetu naye alikuwa na swali la namna hiyo, la udongo. Alilikuta maabara kwa bahati, ilhali angeweza kulibeba toka Mumosho na kulijengea masomo yake yote sita.

Basi anayejiandaa kusafiri aanze na jedwali la pili. Kila somo la ugenini liwe na mwenzake wa nyumbani, kwa jina na kwa krediti, na mkuu wa kitivo ayatilie sahihi hayo, si mstari mmoja wa jumla. Aulize pia ni masomo gani yanafundishwa na maprofesa wageni, na watakuja lini, maana hayo ndiyo yasiyongoja. Ratiba ikimlazimisha kubadili somo, aandike nyumbani siku ileile na asianze somo jipya kabla jibu halijafika. Asiondoke ugenini bila karatasi ya alama yenye muhuri mkononi; posta si ya kutegemea. Na nyumbani awepo mtu mmoja, mjomba au yaya, anayeambiwa ukweli wote, hata ule usiofaa kupigwa picha.

Yaliyotokea mwaka 2025 yameongeza uzito wa maneno haya. Mwisho wa Januari waasi wa M23 waliiteka Goma. Katikati ya Februari wakachukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wa Bukavu. Safari za ndege za Kavumu zikakatika, benki zikafunga milango. Mwanafunzi aliyekuwa nje wakati huo hakufanya kosa lolote. Lakini kati ya wawili walionaswa hivyo, mwenye makubaliano yaliyojazwa na kutiwa sahihi ana kitu cha kumwonyesha mkuu yeyote wa kitivo, hata kama aliyemtilia sahihi hayupo tena ofisini. Mwenye ahadi ya mdomo ana ahadi ya mdomo. Kwa hiyo nakala za karatasi zote zikae kwa watu wawili, mmoja nyumbani na mmoja nje, na nauli ya kurudi iwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe hata kwa deni.

Usisome haya ukadhani nakataza safari. Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kijana wa kilimo wa Bukavu anaweza kuitazama Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kama anavyoitazama Ubelgiji. Nauli itapungua. Jedwali la pili litabaki lilelile, na huko litataka pia kukubaliana juu ya masomo ya Kiingereza yatakavyohesabiwa katika chuo cha Kifaransa.

Na mzazi asijione hana la kusema kwa kuwa hakusoma. Maswali matatu yanamtosha, na hayahitaji Kifaransa. Masomo utakayosoma kule yanashika nafasi ya yapi huku? Nani amekubali kwa sahihi yake? Na mambo yakiharibika, fedha ya mtoto gani ndiyo itakayoguswa? Mwanafunzi akishindwa kujibu hata moja, ng'ombe abaki zizini.