Kushuka si Kuanguka

Ukikaa Lang'ata, Karen au upande wa Ngong, huhitaji kuinua macho ndio ujue chopa inapita. Zinapaa kutoka Wilson, hii imebeba watalii, ile imebeba mwanasiasa anayewahi mazishi mashambani. Na lazima mtu aseme: hiyo injini ikizima, basi, wamekwisha.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Tarehe 10 Juni 2012, helikopta ya polisi iliyotoka Wilson ilianguka Kibiko, Ngong, ikaua watu sita, wakiwemo Waziri George Saitoti na waziri msaidizi Orwa Ojodeh. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine tisa kule Elgeyo Marakwet. Sitaki kuzichambua ajali hizo. Nataka kugusa imani tuliyobaki nayo, kwamba chopa bila injini ni jiwe. Si kweli.

Kati ya injini na mapanga kuna kifaa kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu linaendelea kuzunguka. Injini ikizima, mapanga hayakwami nayo. Ila yanaanza kupoteza kasi, na kwa chopa ndogo rubani ana sekunde moja au mbili hivi. Anachotakiwa kufanya kinapingana na mwili mzima: anasukuma chini wenzo ulio mkono wake wa kushoto, analaza mapanga, anaiacha ndege ishuke. Sasa hewa inapita kutoka chini kwenda juu na kuyazungusha mapanga yenyewe, kama upepo unavyozungusha ile feni ya karatasi ya watoto. Karibu na ardhi anainua pua kupunguza mwendo, kisha anavuta wenzo mara moja, na mzunguko uliobaki unamtua.

Akiuvuta mapema kwa kuogopa kushuka, mapanga yanachoka hadi hayabebi kitu. Hapo ndipo anaanguka kweli.

Kwa hivyo urefu ni akiba. Unautoa kidogo kidogo, unapewa mzunguko. Na marubani hulifanyia jambo hili mazoezi injini ikiwa nzima, kwa sababu sekunde mbili hazitoshi kuanza kufikiria.

Swali langu basi: mbona sisi wa Nairobi tunaona kushuka ni aibu? Chukua jamaa aliyefutwa kazi Westlands. Keja ni ileile ya Kileleshwa, Ijumaa bado ananunulia meza nzima, na kwa simu ana mikopo mitatu, mmoja wa kulipa mwingine. Anavuta wenzo. Tungesema ni maisha yake, lakini chopa huwa na abiria. Dada wa kazi hajalipwa miezi miwili. Mama ushago ameuza ng'ombe akiambiwa ni biashara. Kiburi chake kinalipiwa na watu ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana naona kushuka mapema si suala la hesabu tu. Ni wajibu kwa waliomo ndani pamoja nawe. Kuhamia Kangemi mwezi wa kwanza, ukiwa bado na kitu mfukoni, ni kuweka mapanga yakizunguka.

Lakini mfano huu una mpaka wake. Marubani wana mchoro unaoonyesha mahali ambapo hata ustadi hausaidii sana: chopa imesimama hewani bila mwendo, kwa urefu wa jengo la orofa kumi hivi. Iko juu mno kutuliwa na mzunguko uliobaki, na chini mno kupata muda wa kushuka vizuri. Wasee wengi tunaowajua wanaishi hapo. Mshahara ukichelewa mwezi mmoja, landilodi anafunga mlango. Kumwambia mtu huyo "si ungeshuka mapema" ni kumdai akiba ambayo hajawahi kuwa nayo. Hakukosa busara, alikosa urefu. Na urefu mtu huongezewa na wenzake: chama kinachokopesha bila kumdhalilisha, rafiki mwenye sofa Kawangware asiyeuliza utaondoka lini.

Tuna methali tunayoipenda: aliye juu mngoje chini. Mara nyingi tunaisema tukicheka, simu mkononi, tayari kurekodi. Lakini rubani anayeshuka bila injini huwa anatafuta kitu kimoja tu huku chini, nacho ni uwanja ulio wazi. Kungoja kwetu kunaweza kuwa huko pia: kumwachia mtu nafasi ya kutua, asikute tumeijaza kwa kicheko.