Kosa ni la Nani?

Tarehe 15 Aprili 2008, mjini Goma, ndege ya abiria ya Hewa Bora ilikimbia uwanjani ili iruke, isiruke. Rubani alijaribu kuisimamisha, lakini njia ilimwishia. Ndege ikaingia katika nyumba na maduka ya mtaa wa Birere, ikawaka moto.

Wako wasemao: ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo husemwa upesi mno. Njia ile ilikuwa imefupishwa tangu Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipotapika moto na mawe yake yakafunika sehemu kubwa ya uwanja. Mlima hauna akili wala hiari, basi hauna hatia. Lakini miaka sita ilipita, na mawe yale yalionekana na wote.

Katika njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mti wa daraja ukioza, kila mpita njia huuruka, akiwaza kwamba mwingine atautengeneza. Siku gari litakapotumbukia mtoni, nani atakuwa ametenda? Hakuna. Nani atakuwa ameacha wajibu wake? Wengi, na kila mmoja ataliona fungu lake kuwa dogo.

Goma walikufa watu wapata 40. Wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa Birere, chini, katika shughuli zao za mchana.