Mtego ni Miti Tu?

Lubunga iko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, mkabala wa mji wa Kisangani. Anayepanda mto kidogo kutoka huko husikia ngurumo ya maporomoko, mahali pa uvuvi wa Wagenia tangu zamani. Wavuvi husimamisha miti mirefu katika matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za mwitu, kisha hutundika migono, yaani vikapu vikubwa vya kutegea samaki, pale maji yapitapo kwa nguvu. Mti mmoja huchukuliwa na mafuriko, mwingine huoza. Nao huweka mipya.

Mfano wake ni huu. Mzee mmoja aliwaachia wanawe wawili mtego. Mkubwa aliutunza miaka mingi, akibadili mti mmoja mmoja, hata usibaki mti wowote wa baba yao. Mdogo aliiokota ile ya zamani, akaisimamisha upande wa pili, akasema: «Kaka, mtego wa baba ni huu wangu. Wako ni miti mipya tu.» Je, alisema kweli?

Mdogo alidhani kwamba kitu ni vipande vyake tu. Lakini miti ile ile ikilala chungu ufukoni, hapo hapana mtego. Hakikosekani kipande hata kimoja, unakosekana mpango. Aristoteli wa Ugiriki alifundisha hivyo kabla ya Kristo, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225–1274) akamfuata: kila kitu chenye mwili kina maada, ndiyo kile kilichofanyiziwa, na kina umbo. Umbo hapa si sura ya nje tu; ni lile liifanyalo maada iwe kitu hiki wala si kingine.

Wataalamu wa siku hizi huonyesha kwamba mti umefanyizwa kwa chembe ndogo mno, hasa za kaboni, oksijeni na hidrojeni. Ni kweli, wala mafundisho hayo hayapingani na yale. Kaboni iliyomo katika mti imo pia katika makaa na katika moshi wake. Lakini nani awezaye kutundika mgono juu ya moshi?

Basi mtego wa baba ni ule wa mkubwa, kwa kuwa mpango wake haukukatika siku yoyote. Mdogo anayo kweli miti ya baba, naye aweza kuitunza kwa heshima. Lakini mtego aliousimamisha ni mpya.

Tena yafaa kutofautisha. Umbo la mtego hutoka mikononi mwa watu, kwa hiyo wazee waweza kubishana juu yake. Kwa mtu sivyo. Mtoto hula mihogo na samaki, hukua, huzeeka. Maada nyingi ya mwili wake hutoka, na nyingine huingia. Hata hivyo yeye ni yule yule, kwa maana roho yake, iliyo umbo la mwili wake, haibadilishwi kama mti wa mtego.

Kwa sababu hiyo aliyekopa fedha ujanani hawezi kumwambia jirani: «Mwili uliokopa umekwisha kupita.» Wala kubadili jina hakumsaidii. Mwaka 1966 mji wa Stanleyville uliitwa Kisangani, lakini nyumba zake hazikupata wenyeji wengine kwa sababu ya jina. Vivyo hivyo mkatekumeni atapewa jina jipya siku ya ubatizo, na dhambi zake zitaondolewa. Lakini mbuzi wa jirani aliyemchukua kwa hila angali ni mbuzi wa jirani. Aliyemchukua ni yeye yule aliyebatizwa. Basi na amrudishe.