Elisha Alimimina Maji: Neno kwa Wazazi wa Ifakara



Someni tena 2 Wafalme 3, mstari wa 11. Yehoshafati alipoulizia nabii, yule mtumishi hakumtaja Elisha kwa miujiza wala kwa elimu. Alimtambulisha kuwa ndiye aliyemmiminia Eliya maji mikononi. Na mfalme akaridhika.

Twayaandika haya kwa sababu ya kituo cha kupoza umeme kilichofunguliwa kwetu mwaka 2024. Ninyi wazee mwakumbuka ilivyokuwa. Tangu mitambo ya Kihansi ilipoanza kazi, yapata mwaka 2000, nyaya kubwa zilipita bondeni mwetu kwenda Kidatu, nasi tulio chini yake tulingojea umeme urudi kwa njia ndogo kutoka huko Kidatu. Giza lilitukuta mara nyingi katikati ya ibada ya jioni. Hapakuwa na mahali pa kuushusha, maana umeme wa volti 220,000 hauwezi kuingia nyumbani mwa mtu. Sharti upozwe kwanza kwa transfoma kubwa hata volti 33,000, kisha upozwe tena mitaani.

Je, ni nani awezaye kufanya kazi mahali hapo? Fundi wa kituo, kabla ya kugusa chuma, hupata kibali cha maandishi, hukata njia ya umeme, hufunga kwa kufuli na kutundika kibao cha onyo, hupima kwa chombo ajue ya kuwa umeme hamna, ndipo huunganisha na ardhi kwa waya mnene. Hufanya hivyo hata siku ya haraka, hata mji wote ukinung'unika gizani. Umeme hauonekani kwa macho, na mwenye kuruka hatua moja huenda asipate nafasi ya kutubu. Mambo hayo hayapatikani kitabuni peke yake. Kijana husimama karibu na fundi mzee, akiitazama mikono yake na kumshikia vyombo. Ndio uanagenzi: siku nyingine yu darasani, siku nyingine yu kazini, naye hupewa posho angali akijifunza.

Hapa yatupasa kuungama. Mjane mmoja alitujia, mwanawe akiwa amepata nafasi ya namna hii, akauliza, "Baba Mchungaji, nimwache aende?" Nasi tukamwambia amngojeze mpaka chuo kikuu, maana tulidhani kushika spana ni kazi ya walioshindwa. Mama akatutii. Nafasi ikapewa mwingine, ada ya chuo haikupatikana, na leo kijana aendesha pikipiki ya mtu. Wala hatukumwuliza yeye mwenyewe. Tumekwenda nyumbani kwao tukawaomba radhi; mama alitukaribisha chai, kijana hakusema neno.

Tungalisoma vema Kutoka 31 tusingalinena vile. Bezaleli hakuwa kuhani, lakini Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono; na katika sura ya 35 alipewa pia moyo wa kufundisha. Mafundi wenye kuficha ujuzi ili wasije wakapitwa na vijana, na wausome mstari ule wa 34.

Na neno la posho, kwa wazazi. Ni ndogo, huishia katika nauli na chakula. Msiidai kama mavuno ya mpunga. Tumewaona vijana walioacha kazi mwezi wa tatu kwa sababu nyumbani waliulizwa kila juma fedha ziko wapi.

Waliomaliza kidato cha nne wenye kuitamani kazi hii waje kwetu Jumatano, baada ya sala ya asubuhi, na vyeti vyao, tusaidiane kuandika barua. Wazazi nao waje. Lakini safari hii tutamwuliza kijana kwanza.